Kisigino Chini

Kwenye matanga ya Papa, baba yetu, walianza tena ile hadithi ya kuku. Nilijua wataianza. Ilikuwa siku ya tatu, watu wamechoka kulia, chai imezunguka, na katika kila matanga hapa Kisangani hufika saa ambayo watu wanataka kucheka kidogo ili wapate nguvu ya kulia tena. Mdogo wangu Gaston, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka minne na hakumbuki chochote, akasimama katikati ya viti akasimulia jinsi kuku mmoja mwenye mguu uliofungwa vijiti alivyotoka jikoni siku wazungu walipokuja kukagua nyumba yetu, na jinsi kuku huyo alivyomnyima Papa karte. Akaruka kwa mguu mmoja kuwaonyesha. Watu wakacheka, mama mmoja akapiga makofi: "Papa ya watu, kuku alimushinda!" Mimi nilikuwa nimekaa, kwa sababu siwezi kusimama zaidi ya robo saa, na mguu wangu wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu ambacho fundi hunipanulia upande wa nyuma. Hadithi hiyo nimeisikia kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye kila krismasi, miaka zaidi ya hamsini, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza kuku huyo alivunjwa mguu kwa ajili ya nani. Basi nitaisimulia mimi. Papa amezikwa, hawezi tena kunikata maneno.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, wa kwanza kwa kuzaliwa, na nyumba yetu ya mtaa wa Tshopo ilikuwa imegeuka darasa. Wabelgiji walikuwa na karte, kadi waliyompa mtu mweusi waliyeona amestaarabika. Unaandika barua, halafu siku moja wanakuja kwako kuangalia kwa macho yao: mnakula mezani au chini, kwa uma au kwa mkono, watoto wana vitanda au mikeka, choo kinanuka, mke akiulizwa anajibu nini. Papa alikuwa karani wa mizigo ya meli pale bandarini, anaandika mwandiko mzuri kuliko wa mkubwa wake, na karte hiyo aliitaka kuliko alivyotaka kitu chochote, hata sisi. Nilijua sababu yake kwa kusikiliza nyuma ya mlango. Aliyekuwa na karte hakuweza kuchapwa fimbo, na Papa alikuwa amechapwa, mara moja, kwenye ua wa kazi, amelala kifudifudi mbele ya wapakiaji aliokuwa anawaandika majina kila asubuhi. Alimwambia rafiki yake Léonard, tuliyemwita Tonton, mjomba, barzani, kwa sauti ya chini: "Léonard, walihesabu kwa sauti kubwa. Donc kila mutu alisikia." Nilikuwa nyuma ya mlango na sahani mkononi. Sikupaswa kusikia, na nadhani nisingesikia ningemchukia kwa urahisi zaidi.

Kila Jumapili tulifanya mazoezi ya kula. Papa alifungua sardini moja, akaigawa kwa watu wanne, akakata mkate vipande vya mraba, na sisi tukakaa wima na kisu mkono wa kulia, uma mkono wa kushoto, tukitafuna na midomo imefungwa. Ukigonganisha meno na uma, unaanza upya. Mama alikula mara mbili: mezani kidogo kwa uma, halafu jikoni nyuma ya nyumba, vizuri, kwa mkono, lituma ya moto ya ndizi zilizotwangwa na sombe, majani ya mhogo yenye mawese. Mimi nilimfuata jikoni. Tulikula haraka, tukanawa, tukafuta mawese midomoni kabla hatujarudi ndani, na Mama alikuwa akinong'ona, "Kula, mama, kula, ile ya mezani iko ya macho." Siku hizo niliona ni mchezo mzuri. Nilidhani sisi wawili tunamcheka Papa, sikujua kwamba Mama anamwogopa.

Nilianguka kwa ajili ya karte hiyo hiyo. Papa alisema nyumba ipakwe chokaa mbele na nyuma, na kwa kuwa mafundi wanaiba chokaa, tutapaka wenyewe. Mimi nilipewa sehemu ya juu chini ya paa kwa sababu ni mwepesi. Ngazi ilikuwa ya miti iliyofungwa kamba, imesimamishwa juu ya simenti ya barza. Nilikuwa nimemaliza kona moja, nikanyoosha mkono kufikia nyingine, ngazi ikateleza, na badala ya kuanguka kama gunia, niliruka. Niliona ni akili. Nilitua wima kwa miguu yote miwili, uzito wote kwenye kisigino cha kulia, na sauti niliyoisikia haikutoka nje, ilitoka ndani ya mwili wangu na kupanda mpaka kwenye meno. Ndoo ya chokaa ilimwagika. Papa alitoka, akaangalia kwanza ndoo. Nasema alivyofanya, siongezi chumvi: aliangalia ndoo, halafu ukuta, halafu mimi. "Simama," akasema. Nikasimama kwa mguu wa kushoto.

Siku ya pili mguu ulikuwa umevimba, kiatu hakiingii, na siku ya tatu unyayo wenyewe, pale katikati, ukawa mweusi na zambarau. Papa akanipakia nyuma ya velo, baiskeli yake, tukaenda hospitali ya weusi. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Tonton Léonard alikuwa infirmier, muuguzi, pale, amevaa koti jeupe na kaptula, na alitupitisha mbele kadiri alivyothubutu. Munganga, daktari mzungu, alikuwa mtu mwenye haraka. Aliminya kifundo cha mguu, huku na huku, akaagiza nipigwe photo ya mifupa, na photo hiyo ilikuwa ya kifundo, kwa mbele. Akaiinua kwenye dirisha. "Rien. Entorse." Maana yake umeteguka tu, hamna kitu. Akaandika kwenye karatasi: siku tatu za kupumzika. Alipogeuka kunawa mikono, Tonton Léonard akaweka kisigino changu kati ya viganja vyake viwili akakibana taratibu kutoka pande zote mbili, kama mtu anayejaribu avoka sokoni kama imeiva. Nilipiga kelele ambayo benchi lote la nje liliisikia. Munganga akauliza nina nini, bila kugeuka, "Qu'est-ce qu'elle a?" Na Tonton Léonard, aliyekuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na tatu, akamtazama mgongo, akafungua mdomo, akasema, "Rien, docteur."

Infirmier mweusi hakuwa na ruhusa ya kuona ugonjwa ambao munganga hakuuona. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kufunga, kuosha, kushikilia mgonjwa, kukaa kimya. Mimi mwenyewe baadaye nilikuwa infirmière, miaka thelathini na moja, kwanza Yangambi halafu hapa mjini, na nimewapokea watoto wengi walioanguka kutoka kwenye michikichi, juu ya paa, juu ya kamio, malori yaliyojaa mihogo. Wote niliwauliza swali moja kabla sijawagusa: ulitua vipi? Akisema alitua wima, natazama unyayo kama una weusi, nabana kisigino kwa viganja viwili kama Tonton alivyonibana, nashika na cha pili, kwa sababu vinaweza kuvunjika vyote, nagonga na mgongo, maana mshtuko hupanda mpaka huko, halafu naagiza photo ya kisigino chenyewe, kwa ubavu na kwa nyuma, si ya kifundo. Na hata photo ikisema hamna kitu, siamini mara moja, kwa kuwa mfupa wa mtoto unajua kuficha. Kwa mtu mzima kisigino ni balaa. Kwa mtoto kina huruma: kinajiunga chenyewe, kinajirudi umbo, na wengi wao niliwaona baada ya mwaka wakicheza mpira. Kinaomba jambo moja tu, kisikanyagwe. Kila nilipowaambia mama zao maneno hayo, "Asikanyage, basi," nilijiambia kwamba ilikuwa rahisi namna hiyo.

Tonton Léonard hakulala na jambo lile. Jioni ile ile, jua bado liko juu ya mto, alikuja kwetu na magongo mawili aliyoyachonga mwenyewe, akakataa kahawa, akakataa kiti. Mimi nilikuwa kitandani, mlango wazi.

"Antoine," akamwambia Papa, "huyu mutoto, kisigino yake ilivunjika."

"Munganga aliandika entorse."

"Alipiga photo ya pahali ingine. Mimi nilishika ile mufupa na mikono yangu. Tumurudishe kesho kutwa, umuombe munganga apige photo kwa ubavu, amuweke plâtre, muguu isitikisike."

"Mimi nimuombe? Nimwambie munganga alikosa?" Papa akacheka kicheko kifupi. "Léonard, weye unajua ile dossier yangu iko na karatasi ya munganga ndani. Afya ya familia. Ataiandika huyu huyu. Sasa niende nimwambie, Monsieur, unakosa, infirmier yako mweusi anajua kuliko weye?"

"Bon. Hapana omba. Lakini mutoto hapana kanyaga chini. Wiki sita, Antoine. Hata mara moja. Akikanyaga, ile mufupa itabonyea, na ikibonyea haitarudi."

Papa akayapokea magongo. Halafu akasema neno la Lingala ambalo watu hapa hulisema juu ya mambo madogo, "Likambo te," si kitu, akampa mkono, akamshukuru kwa magongo. Nilisikia vyote. Wiki sita. Nikaanza kuhesabu kwa vidole pale kitandani, nikafurahi hata, kwa kuwa wiki sita bila kupaka chokaa.

Mama naye, keshokutwa yake, Papa akiwa kazini, alimleta mwanamke mmoja wa Maniema, Mama Salima, fundi wa kuunga mifupa, mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Huyo naye alinibana kisigino kwa viganja viwili. Sijui kama yeye na Tonton Léonard waliwahi kuonana, lakini walinishika namna moja. Akamwambia Mama alete kuku jike, mzima, asiyeatamia. Wengi wenu mnajua desturi hii: fundi humvunja kuku mguu pale pale ulipovunjika wa mgonjwa, akamfunga kwa vijiti na majani yale yale aliyomfungia mgonjwa, akampa jina la mgonjwa. Kuku analala ndani, analishwa kwa mkono, na mgonjwa hakanyagi kabla kuku hajakanyaga. Nilifumba macho alipomvunja. Akanifunga mimi, akamfunga yeye, akasema, "Huyu sasa ni Julienne. Akisimama, usisimame bado. Akitembea, usitembee bado. Akitembea bila kuinua muguu hata kidogo, toka asubuhi mpaka jua kushuka, uniite, nikuje nione. Mimi ndio nitasema." Mama akamficha kuku ndani ya kitunga jikoni, nyuma ya kuni, na kila siku nilikwenda kwa magongo kumlisha makombo ya lituma. Nilimwita kwa jina langu. Ukiwa na miaka kumi na miwili, na una kuku mwenye jina lako na ugonjwa wako, hauko peke yako. Kwa hiyo mnaona, mwaka ule waganga wawili waliosoma shule mbili mbalimbali waliniambia jambo moja, na wote wawili walikuwa sawa.

Siku ya ishirini na mbili ikaja barua: wazungu watakuja Alhamisi, siku mbili zijazo. Papa aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Halafu akayaona magongo yangu yameegemea ukuta, kama vile hajawahi kuyaona. Akauliza mambo ya kujibu mwenyewe. Wakiona mtoto wa magongo, watauliza nini? Alianguka wapi? Ngazi gani hiyo? Munganga alisemaje? Entorse, siku tatu. Mbona hii ni wiki ya nne? Nani alisema asitembee? Alisimama, akachukua magongo, akayaingiza chini ya kitanda chake mpaka mwisho kwenye ukuta. "Julienne, kuya hapa," akasema, kwa upole kabisa. "Simama. Toa vijiti, vaa kiatu." Mama alikuwa mlangoni na taulo begani. Alisema, "Baba Julienne, Léonard alisema wiki sita," na Papa akamjibu bila hasira, "Léonard hana karte." Mama akarudi jikoni. Papa nimemsamehe mara nyingi na kumchukia tena mara nyingi, lakini ule mgongo wa Mama ukiondoka mlangoni sijajua mpaka leo niufanye nini.

Jumatano yote tulifanya mazoezi ya kutembea. Nilitakiwa kutoka mlango wa nyuma na sinia ya kahawa, kupita meza, kusimama mbele ya wageni, kusema "Bonjour Madame, bonjour Messieurs," na kurudi. Hatua kumi na moja. Nilitembea kwa ncha ya mguu, kisigino juu, kama anavyotembea mtu yeyote mwenye akili aliyevunjika pale. Papa akatikisa kichwa. "Hapana. Watu wanatembea na muguu yote. Kisigino chini." Nikajaribu. Jasho lilinitoka ghafla mwili mzima, vikombe vikagongana. "Tena. Kisigino chini, Julienne." Nilikwenda na kurudi mara saba. Kwenye ile ya tano nilisikia kitu kinashuka ndani ya kiatu, bila sauti, kinakaa vibaya na hakirudi, na maumivu yakabadilika, yakawa mapana. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, tena mara saba, na ndilo lililonimaliza guu. Ile ya saba ilipokwisha Papa alikuwa na machozi machoni, niliyaona. Akasema, "Ile ndio mutoto yangu." Na mimi mjinga nikafurahi.

Walikuja watatu: bwana mmoja kijana mwenye daftari, madame aliyebeba mkoba mbele ya tumbo, na mzee mwenye ndevu za kijivu aliyekaa Kongo muda mrefu kiasi cha kujua Kiswahili kuliko alivyotaka tujue. Waliangalia meza, wakafungua droo ya uma na visu, wakainua shuka za vitanda, wakaenda chooni, wakarudi. Papa alijibu kila kitu kwa Kifaransa cha kitabu. Nikatoka na sinia. Hatua kumi na moja. Kisigino, kisigino, kisigino. Niliweka macho kwenye kifungo cha shati la Papa, nikasema salamu yangu, na madame akamwambia kijana wa daftari jinsi ninavyosimama vizuri, "Elle se tient bien, la petite." Kijana akaandika. Papa akapumua. Ningekufa pale ningekufa kwa furaha, nawaambia ukweli, kwa kuwa nilijua kuhusu ile fimbo na nilidhani nimeivunja mimi kwa mguu wangu.

Halafu wakataka kuona jikoni. Mama alikuwa ameweka gunia juu ya kitunga, lakini kuku ni kuku. Alisikia sauti yangu nilipokuwa nasalimia, akadhani nimeleta makombo. Akatoka chini ya gunia, akavuka ua akirukaruka na mguu wake wa vijiti, akanijia moja kwa moja mpaka kwenye kiatu. Madame akacheka. Kijana akacheka. Yule mzee hakucheka. Alichuchumaa, akamshika kuku kwa ustadi, akageuza mguu, akatazama mafundo ya kamba.

"Kuku hii iko ya nani?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Watoto wanacheza, Monsieur," Papa akasema. "Ce n'est rien. Des jeux d'enfants."

"Hii haiko muchezo. Hii iko kazi ya fundi. Kuku ya kuvunjwa muguu iko na mugonjwa yake." Akasimama, magoti yakalia. "Mugonjwa iko wapi?"

"Hapa hakuna mugonjwa."

Mzee akaangalia miguu yetu, mmoja mmoja. Gaston peku. Mama na ndala. Akafika kwangu, kwenye kiatu cha kulia kilichobana mpaka ngozi imetokeza juu ya soksi, na macho yake yakakaa pale. "Na weye, mutoto? Unaumwa?" Sauti yake haikuwa mbaya. Ningesema ndiyo, nadhani angenipeleka hospitali siku ile ile kwa gari lake. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote, gari lile jeusi lililosimama barabarani. Nilimwangalia Papa. Papa hakuniangalia, alikuwa anaangalia daftari. Nikasema siumwi, "Non, Monsieur. Je vais bien." Na ili aamini, nikakanyaga.

Barua ilikuja baada ya majuma mawili: nyumba hii bado inafuata mambo ya kishenzi, mwombaji ajaribu tena baadaye. Lakini Papa hakungoja barua. Wageni walipoondoka alimchukua kuku, akamchinja yeye mwenyewe, akamwambia Mama ampike, na mchana ule tulikaa mezani wote, kisu kulia, uma kushoto. Mama Salima alikuwa amesema kuku huyo haliwi kabla mgonjwa hajapona, wala baada yake; anaachwa afe uzee wake. Papa alijua. Aliniwekea paja, lile lile, na mfupa wenye fundo jeupe pale ulipokuwa umeanza kuunga. "Kula," akasema. Nilikula na mdomo umefungwa, sikugonganisha uma. Alikuwa mtamu. Hilo nalo halimo katika hadithi ya Gaston, kwamba kuku alikuwa mtamu, mchuzi wenye nyanya na pilipili mbichi, na kwamba niliomba kuongezwa mkate.

Wiki hiyo sikuweza tena kuinuka. Mama akamtuma mtu kwa Tonton Léonard, naye akaja mchana, akanivua soksi, akatazama, akakaa kitandani karibu nami na mikono kati ya magoti. Hakumwomba mtu ruhusa. Alinibeba mgongoni mpaka hospitali siku ambayo munganga yule alikuwa safarini, akamwonyesha munganga mwingine, kijana mgeni, akapigisha photo kwa ubavu. Nilimsikia akinieleza mimi, si mtu mwingine, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kueleza: "Hapa juu inapashwa kuwa na mulima, unaona? Sasa iko bapa. Ilivunjika siku ya kwanza, lakini ilikuwa ingali pahali yake. Kisha ilikanyagwa." Walinifunga plâtre mpaka gotini, nikalala hospitali wiki nane, chumba cha wanawake, kati ya bibi mwenye kidonda na msichana wa Isangi aliyekuwa akiimba siku nzima. Chakula kilikuwa wali na maharagwe, maharagwe na wali. Mama alikuja kila siku na liboke, samaki wa kufungwa kwenye majani. Papa hakuja. Na munganga wa kwanza aliporudi na kukuta infirmier mweusi amepeleka mgonjwa wake kwa munganga mwingine, Tonton Léonard alipewa barua yake naye: ahamie dispensari ya Bengamisa, kuanzia mwezi ujao. Alinipungia mkono kupitia dirisha la chumba, amebeba sanduku kichwani, na wanawake wakaniuliza kama ni baba yangu.

Siku ya kutoka, plâtre ilikatwa, mguu ukatoka mwembamba na mweupe kama mhogo uliolowekwa, na kisigino kipana, bapa, kimeelekea nje. Papa alikuja kunichukua. Alikuwa amevaa suruali ya Jumapili. Alitia mzigo wangu kwenye velo, akaisukuma, nami nikatembea nyuma yake kwenye barabara ile yenye miti iliyopita mbele ya nyumba za wazungu, nikijifunza upya, mguu mmoja kwenda mbele na mwingine kwenda upande. Papa hakugeuka. Alisikia tu hatua zangu, moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, moja nyepesi, na kadiri alivyosikia ndivyo shingo yake ilivyozidi kukaza. Mwishowe akasema, bado anatazama mbele, "Tembea muzuri, Julienne. Watu wanaangalia."

Nikakaa chini. Palepale barabarani, na gauni langu jeupe. Sikuwa nimepanga. "Lève-toi," akasema. Sikuinuka. "Simama, mutoto, unaniletea haya." Sikuinuka. Akaegemeza velo kwenye mti, akarudi, akasimama juu yangu, halafu akachuchumaa, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, na akaniita kama alivyoniita nilipokuwa bado sijui kusema: "Mama, inuka. Mama yangu, inuka twende kwetu." Nusura niinuke. Nilikuwa nampenda, na nilikuwa na kiu, na jua lilikuwa kali. Nikamwambia, "Papa, sema ilivunjika." Akapangusa vumbi kwenye gauni langu. "Sema tu. Haiko entorse. Kisigino yangu ilivunjika. Sema, nitaamuka." Akageuza shingo akaangalia nyuma mpaka lango la hospitali. Akaangalia mbele mpaka mwisho wa barabara. Akaangalia na madirisha, nyumba moja baada ya nyingine, pande zote mbili. Hapakuwa na mzungu. Ndipo akaniinamia sikioni, akasema, "Ilivunjika."